Asilimia 34 Bila Hata Waziri Mmoja

Juni 1976 Waitaliano walipiga kura, na katika kila watu watatu, mmoja alikichagua chama cha kikomunisti. Asilimia 34.4, zaidi ya kura milioni 12 na nusu. Hapa sizungumzii Bulgaria wala Cuba. Nazungumzia nchi iliyokuwemo NATO tangu inaanzishwa mwaka 1949, yenye Papa katikati ya mji mkuu wake na kambi za Marekani kwenye ardhi yake. Ulaya Magharibi haikuwahi kuwa na chama cha kikomunisti kikubwa kama kile. Haikufika hata miaka 15, chama hichohicho kikaitisha mkutano mkuu Rimini, mji wa fukwe na hoteli za watalii, kikajifuta chenyewe. Tarehe 3 Februari 1991 Partito Comunista Italiano, PCI, hakikuwepo tena.

Nilisoma Bologna, mji ambao PCI ilikuwa imeushika tangu vita vimalizike, na kila nilipouliza vijana wenzangu kilichokiua chama hicho nilijibiwa kwa maneno matatu: ukuta wa Berlin. Ni jibu tamu, fupi, lina tarehe yake. Lakini hesabu zinalikataa. Mwaka 1979 chama kilishuka hadi asilimia 30.4. Mwaka 1987 kilikuwa kwenye 26.6, na ukuta ulikuwa bado umesimama vizuri tu na walinzi wake juu. Ndugu zao wa Ufaransa walitangulia kuteremka. Mwaka 1946 walikuwa na asilimia 28, chama cha kwanza nchini; mwaka 1986, miaka mitatu kabla ya ukuta, hawakufika hata 10. Kwa hiyo aliyeanguka mwaka 1989 alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Swali ni lini aliugua, na mimi nasema aliugua siku alipokaribia zaidi kuingia Ikulu.

PCI ilizaliwa kwa kususa. Januari 1921 wasoshalisti walikuwa na mkutano wao Livorno, kwenye ukumbi wa Teatro Goldoni. Mrengo wa kushoto ukatoka nje, ukaenda ukumbi mwingine, Teatro San Marco, ukaanzisha chama chake. Mwaka uliofuata Mussolini akashika madaraka. Mwaka 1926 chama kikapigwa marufuku na kiongozi wake, Antonio Gramsci, akakamatwa licha ya kwamba alikuwa mbunge. Alifariki Aprili 1937, siku chache tu baada ya kifungo chake kwisha, akaacha madaftari 33 aliyoyaandika akiwa mfungwa. Chama chenyewe kilibaki cha wakimbizi waliotawanyika Paris na Moscow, wafungwa waliohamishiwa visiwani, na watu wachache wa siri viwandani. Kingeweza kuishia hapo bila mtu kushtuka.

Kilichokifufua ni vita. Wajerumani walipoikalia Italia ya kaskazini mwaka 1943, vikosi vya msituni vilivyoundwa na wakomunisti, Brigate Garibaldi, vilikuwa vikubwa kuliko vya chama kingine chochote. Halafu mwishoni mwa Machi 1944 kiongozi wa chama, Palmiro Togliatti, akafika Naples kutoka Moscow. Wengi walitegemea aje na wito wa mapinduzi. Yeye akawaambia suala la kumwondoa mfalme lisubiri, kwanza adui atoke, na chama kiingie serikalini pamoja na wengine wote. Akaja pia na wazo ambalo Lenin asingelipenda: badala ya kikundi kidogo cha wanamapinduzi wa kazi, kiwe chama cha umma, mtu yeyote anayekubali programu apewe kadi, hata kama Jumapili anasali. Kufikia 1947 wanachama walikuwa zaidi ya milioni mbili. Katiba ya Italia inayotumika hadi leo ina sahihi ya mkomunisti, Umberto Terracini, rais wa bunge la katiba, mtu ambaye Mussolini alimweka jela na kizuizini zaidi ya miaka 15.

Raha hiyo ilikuwa fupi. Mei 1947, Vita Baridi vikianza, waziri mkuu Alcide De Gasperi aliwatoa wakomunisti serikalini. Aprili 1948, katika uchaguzi ambao fedha za Washington na mahubiri ya mapadri vilifanya kazi usiku na mchana, chama chake cha Kikatoliki, Democrazia Cristiana, kilipata asilimia 48.5 na muungano wa wakomunisti na wasoshalisti 31. Mwaka uliofuata Vatican ikatangaza kwamba wanaokiri na kueneza ukomunisti wametengwa na Kanisa. Fedha za Moscow nazo zilikuwepo, tusifichane. Lakini tangu Mei 1947, kwa zaidi ya miaka 40, PCI haikupata waziri hata mmoja.

Na hapo ndipo panaponivutia. Chama kisicho na serikali kinaishije miaka 40?

Sisi tuliokulia kwenye mitaa yenye balozi wa nyumba kumi tunaweza kuelewa nusu ya jibu haraka. PCI ilikuwa na matawi yake mitaani na seli viwandani, na kila tawi lilikuwa na watu wenye orodha ya nyumba zao. Walipita kukusanya ada, na kila malipo yalibandikwa stempu ndogo kwenye kadi. Jumapili asubuhi walipita tena, safari hii wakiuza l'Unità, gazeti alilolianzisha Gramsci mwaka 1924, mlango hadi mlango. Nusu ya pili ya jibu ndiyo isiyofanana na kwetu. Balozi wetu alikuwa na mhuri. Ulimhitaji kwa barua ya shule, ya polisi, ya dhamana. Mjumbe wa PCI hakuwa na mhuri wowote, wala nafasi ya kazi ya kugawa, wala kiwanja cha kumpimia mtu. Mwenye nyumba angeweza kumfungia mlango usoni na asipungukiwe na kitu. Kwa hiyo ilimlazimu awe mtu wa maana: ajue nani mgonjwa, nani kafukuzwa kazi, mtoto wa nani anahitaji msaada wa hesabu.

Mzee niliyepanga ghorofa moja naye alikuwa fundi chuma mstaafu, na alinionyesha kadi zake, akazipanga juu ya meza ya jikoni kwa miaka. Nilichokitazama zaidi ni stempu. Kadi za miaka ya 1950 zimebandikwa mwezi kwa mwezi, zimejaa, hakuna pengo, na mshahara wenyewe wakati ule ulikuwa wa kubahatisha. Za miaka ya 1980 zina mapengo makubwa. Nilimuuliza kama alikuwa ameanza kuchoka na chama. Akasema hapana, aliyekuwa akipita kukusanya alihama mtaa, na hakuna aliyekuja badala yake.

Bologna ilikuwa ndiyo duka la maonyesho. Giuseppe Dozza alikuwa meya kuanzia 1945 hadi 1966, na waliomfuata walitoka chama hichohicho. Hawakutaifisha chochote cha kutisha. Walijenga shule za chekechea, makazi ya wafanyakazi, wakalinda mji mkongwe usibomolewe, na katika miaka ya 1970 mabasi yakawa ya bure saa za watu kwenda na kutoka kazini. Vyama vya ushirika vilistawi. Jirani yao Reggio Emilia ilifungua chekechea za manispaa kuanzia 1963 ambazo walimu kutoka duniani kote huenda kuzitazama hadi leo. Mji huohuo, mwaka 1970, hospitali yake iliingia mkataba wa urafiki na hospitali iliyoendeshwa na Frelimo huko Cabo Delgado, wakati ambapo makao ya Frelimo yalikuwa Dar es Salaam na Ureno, iliyokuwa ikipigana nayo, ilikuwa mwanachama wa NATO kama Italia yenyewe. Wazee wetu waliofanya kazi na wapigania uhuru enzi zile wanawakumbuka Waitaliano hao.

Mwaka 1956 ulitikisa. Vifaru vya Kisovieti vilipoingia Budapest, Togliatti alisimama na Moscow, ilhali Giuseppe Di Vittorio, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi CGIL na mkomunisti wa siku nyingi, alilaani hadharani. Katika mwaka mmoja kadi kama laki mbili hazikurudi. Mwaka 1968, vifaru vilipoingia Prague, chama kilikuwa kimejifunza. Mara hii kilipinga.

Sasa tufike kwenye kiini. Enrico Berlinguer alichukua ukatibu mkuu mwaka 1972. Alikuwa Msardinia wa familia ya heshima, mwembamba, mwenye haya, suti kana kwamba aliazima. Septemba 1973 wanajeshi wa Chile walimpindua Salvador Allende, aliyekuwa amechaguliwa kihalali. Berlinguer akaandika makala tatu kwenye jarida la chama, hoja yake ikiwa hii: hata tukipata asilimia 51 hatuwezi kutawala Italia peke yetu, watatufanyia ya Chile, kwa hiyo lazima tupatane na Wakatoliki. Akauita mpango huo maafikiano ya kihistoria. Siku chache kabla ya uchaguzi wa 1976 alimwambia mwandishi wa gazeti la Corriere della Sera kwamba anajiona salama zaidi akijenga usoshalisti upande huu wa NATO kuliko upande ule. Hebu fikiria katibu mkuu wa chama cha kikomunisti kusema hivyo, Brezhnev wa Moscow akiwa hai.

Wapiga kura wakamjibu kwa ile asilimia 34.4. Democrazia Cristiana walipata 38.7. Hakuna serikali iliyoweza kusimama bila wakomunisti kuiruhusu, na Washington haikutaka kusikia habari ya waziri mkomunisti. Suluhisho lililopatikana ni la ajabu, na mimi naliona ndilo kosa kubwa kuliko yote: Giulio Andreotti wa Democrazia Cristiana akaunda serikali ya chama chake kitupu, na PCI ikakubali kutoipigia kura ya kuikataa. Hawakuipinga, hawakuiunga mkono, walikaa wakatazama. Walipewa uspika wa bunge, akakaa Pietro Ingrao. Wizara hata moja hawakupewa.

Mfumuko wa bei ulikuwa mkali. Serikali ikataka wafanyakazi wafunge mikanda, na aliyepelekwa kuwashawishi wafanyakazi ni nani? Ni chama chao. Januari 1977 Berlinguer alitoa hotuba nzima ya kusifu kubana matumizi kama njia ya kuibadilisha jamii. Alikuwa mkweli, naamini hivyo, lakini mfanyakazi wa zamu ya usiku alisikia jambo moja tu: mshahara usubiri. Machi mwaka huohuo, hapa Bologna, askari wa carabinieri walimuua mwanafunzi kwa risasi katika vurugu za chuo kikuu, na magari ya deraya yakaingia mitaa ya wanafunzi. Meya alikuwa mkomunisti. Kizazi kizima cha vijana wa kushoto kilikitazama chama kikaona serikali, na serikali yenyewe ikikitazama bado iliona mpinzani.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 16 Machi 1978, ikiwa ndiyo siku ambayo PCI ingeingia rasmi kwenye wingi wa wabunge wanaoiunga mkono serikali, Brigate Rosse, kundi la kigaidi la kushoto kali, walimteka Aldo Moro, mwanasiasa wa Democrazia Cristiana aliyekuwa amesuka makubaliano hayo. Walinzi wake watano waliuawa palepale. Baada ya siku 55 maiti yake ilikutwa kwenye buti ya gari katikati ya Roma. PCI ilisimama kidete kwamba serikali isijadiliane na watekaji. Mwenzake Berlinguer katika mapatano alikuwa amekufa, na mapatano hayakuwa na mtu mwingine wa kuyabeba.

Wangekuwa na la kujivunia, maana katika miezi ile bunge lilipitisha sheria kubwa: kufunga hospitali za zamani za wagonjwa wa akili, kuhalalisha utoaji mimba, na Desemba 1978 kuanzisha huduma ya taifa ya afya kwa kila mtu. Nimetibiwa kwenye huduma hiyo mara kadhaa, mgeni tu mwenye kibali cha masomo. Lakini waziri wa afya aliyesimamia kuanzishwa kwake, Tina Anselmi, alitoka Democrazia Cristiana, na ni sawa yeye akumbukwe, maana aliifanyia kazi. PCI ilibaki na lawama za mlo ambao haikuketi kuula. Januari 1979 ilijitoa. Mwezi uleule Brigate Rosse walimuua Guido Rossa, mfanyakazi na mkomunisti wa Genova aliyethubutu kutoa ushahidi dhidi ya mtu wao kiwandani. Uchaguzi wa Juni ukaondoka na asilimia nne.

Baada ya hapo kiwanda kikageuka. Septemba 1980 Fiat ya Torino ilitangaza kufukuza watu zaidi ya 14,000, kisha ikabadili ikasema kama 23,000 wapewe likizo ya lazima. Geti la kiwanda chake cha Mirafiori likafungwa kwa mgomo siku 35. Berlinguer mwenyewe alienda getini akaahidi kwamba chama kitakuwa nao. Tarehe 14 Oktoba wasimamizi, makarani na wafanyakazi wengine, wanaotajwa kuwa 40,000, waliandamana Torino wakidai kurudi kazini. Mgomo ulikufa palepale. Kwa chama kilichojengwa juu ya fundi wa kiwanda kikubwa, hicho kilikuwa kipigo kibaya kuliko lolote la Moscow, kwa sababu waandamanaji wale hawakuwa mabepari. Walikuwa majirani.

Tarehe 7 Juni 1984 Berlinguer alikuwa akihutubia Padova, kampeni za bunge la Ulaya. Kiharusi kilimpata jukwaani. Picha zipo: anasita, anajifuta mdomo kwa kitambaa, watu chini wanamwambia aache, naye anaendelea hadi mwisho, akiwataka wanachama waende nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, kazini kwa kazini. Alifariki siku nne baadaye. Rais Sandro Pertini, msoshalisti, alirudi na jeneza Roma kwenye ndege ya rais. Giorgio Almirante, kiongozi wa warithi wa Mussolini, alikuja kutoa heshima makao makuu ya maadui zake. Mazishi yaliufunga mji wa Roma. Jumapili iliyofuata PCI ikapata asilimia 33.3 na kuwashinda Democrazia Cristiana kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika uchaguzi wa nchi nzima. Nadhani watu walimpigia kura marehemu. Miaka mitatu baadaye walikuwa 26.6.

Kwa hiyo Achille Occhetto, katibu mkuu wa PCI, aliposimama tarehe 12 Novemba 1989 mbele ya wapiganaji wa zamani wa msituni, kwenye mtaa wa Bolognina hapa Bologna, siku tatu baada ya ukuta kufunguka, alikuwa anasoma hati iliyokwisha kuandikwa. Aliulizwa kama chama kitabadili jina, akajibu kwamba lolote laweza kutarajiwa. Wazee waliokuwepo walikuja kukumbuka vita vyao vya 1944, wakatoka na habari ya kifo cha chama. Mabishano yalidumu zaidi ya mwaka, ndani ya matawi, watu wazima wakilia hadharani. Rimini wengi walikubali kuunda chama kipya chenye nembo ya mti wa mwaloni, wachache wakaondoka na nyundo na mundu kuanzisha Rifondazione Comunista. Mwaka 1992 wa mwaloni walipata asilimia 16, wa nyundo chini ya sita. Jumlisha mwenyewe.

Yaliyofuata yana kejeli ya aina yake. Oktoba 1998 Massimo D'Alema akawa waziri mkuu, mkomunisti wa zamani wa kwanza kushika kiti hicho, na ndege za NATO zilizoipiga Yugoslavia miezi michache baadaye ziliruka kutoka kwenye nchi yake. Mwaka 1999 Bologna ilimchagua meya wa mrengo wa kulia, mfanyabiashara aliyeanzia kwenye bucha. Sesto San Giovanni, mji wa viwanda karibu na Milano uliopewa jina la utani Stalingrad ya Italia, kiwanda chake cha chuma cha Falck kilifungwa katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2017 nao ukaenda kulia.

Tamasha la l'Unità, sherehe yenye jina la lile gazeti la chama, bado lipo, siku hizi likiandaliwa na Partito Democratico, chama cha leo cha kushoto-kati. Niliwahi kujitolea jikoni. Niliwekwa kwenye kuosha sinia, mahali ambapo mgeni hawezi kuharibu kitu, nikawa natazama akina mama wa miaka 70 na 80 wakikunja tortellini bila kutazama mikono yao. Chakula kilikuwa kizuri ajabu na foleni ndefu. Kwenye hema la mijadala viti vingi vilikuwa vitupu. Niliambiwa zamani watu walikuja kusikiliza wakaishia kula. Sasa wanakuja kula wakaondoka.

Nisiishie hapo lakini, maana kuna mji unaonisumbua hoja yangu. Graz, mji wa pili kwa ukubwa Austria, nchi ambayo wakomunisti hawajapata kiti cha bunge tangu mwaka 1959. Tangu miaka ya 1990 madiwani wao pale wamekuwa na namba ya simu ya wapangaji: unakaribia kufukuzwa kwenye nyumba, kodi imepandishwa, unapiga. Sehemu kubwa ya mishahara yao wanaigawa kwa wenye shida. Hakuna kiwanda kikubwa nyuma yao, hakuna Moscow, hakuna gazeti la Jumapili. Mwaka 2021 walipata asilimia 28.8, wakaongoza, na Elke Kahr akawa meya. Kwa hiyo kwenda nyumba kwa nyumba bado kunalipa. Hadi wapi, sijashawishika: katika uchaguzi wa bunge wa Septemba 2024 chama chake kilipata asilimia 2.4 nchi nzima, na hakikupata kiti.